Jiko la gesi linalolia tak-tak bila kukoma baada ya kusafishwa

Swali: Nimesafisha jiko langu la gesi la vichomeo vinne kwa sponji na maji ya sabuni. Tangu hapo kiwashio kinalia tak-tak-tak bila kukoma, hata nobu zote zikiwa zimefungwa, na vichomeo vyote vinatoa cheche kwa pamoja. Nikichomoa plagi ukutani kelele inaisha. Nikairudisha baada ya saa tatu, ikaanza tena. Je, kiwashio kimekufa? Ni hatari? Na ninaweza kuendelea kupika kwa kiberiti?

Jibu: Kiwashio hakijafa. Kingekufa, usingesikia hata mlio mmoja. Kinafanya kazi yake, ila kinatii amri ya uongo: mojawapo ya swichi ndogo zilizo chini ya nobu imeingia maji, na maji hayo yanaliambia boksi la cheche kwamba kuna mtu amebonyeza nobu. Kwa hiyo usikimbilie dukani. Dalili ulizotaja zote zinaelekeza mahali pamoja, na tiba ya kwanza haigharimu kitu: kukausha kwa muda wa kutosha. Saa tatu hazitoshi.

Kuhusu hatari, cheche zenyewe hazivujishi gesi. Koki ya gesi na swichi ya cheche ni vitu viwili tofauti vinavyotumia mhimili mmoja wa nobu. Swichi ikilowa, koki inabaki imefungwa. Hatari huja pale gesi inapovuja kwa sababu nyingine, kwa mfano nobu iliyosukumwa na kitambaa wakati wa kufuta ikabaki wazi kidogo, huku cheche zikiendelea kupiga juu yake. Basi kabla ya lolote, hakikisha kila nobu iko kwenye alama ya kufungwa, kisha funga mtungi au koki kuu ya gesi.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse plagi wala swichi yoyote ya umeme jikoni humo, maana kuchomoa plagi kwenyewe kunaweza kutoa cheche. Funga gesi, fungua milango na madirisha, toka nje. Kama swichi kuu ya umeme iko mbali na eneo lenye harufu, izime huko. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni na ndani ya makabati ya chini, kwa hiyo usidhani imekwisha kwa kuwa tu huisikii tena ukiwa umesimama wima.

Hakuna harufu? Chomoa plagi kabisa. Usiishie kuzima swichi ya soketi. Utaona hapa chini kwa nini nalisisitiza hili.

Kinachotokea chini ya nobu

Kila nobu imekaa juu ya mhimili wa chuma unaoingia kwenye koki ya gesi. Chini kidogo ya uso wa jiko, mhimili huo umezungukwa na swichi ndogo ya plastiki. Ukibonyeza nobu, swichi inafunga na umeme unakwenda kwenye boksi la cheche. Boksi linajaza umeme kwenye kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme), linaumwaga kwa mkupuo kupitia transfoma ndogo, na unatoka ukiwa na volti elfu kadhaa. Umeme huo unapita kwenye waya mnene hadi kwenye kijiti chenye kauri nyeupe kando ya kila kichomeo, yaani elektrodi, kisha unaruka pengo la milimita 3 hadi 5 kwenda kwenye chuma cha kichomeo. Kila mruko ni mlio mmoja wa tak.

Mambo mawili ya mpangilio huu yanawachanganya watu wengi. La kwanza, swichi zote nne zimeunganishwa sambamba kwenye mkanda mmoja wa waya, na boksi ni moja. Boksi halijui nobu ipi imebonyezwa. Likipata umeme linarusha cheche kwenye vichomeo vyote. Kwa hiyo kuona cheche pote hakumaanishi kwamba pote pameharibika. Swichi moja tu inatosha, na kichomeo kinachotoa cheche kali zaidi huenda hakihusiani kabisa na swichi iliyolowa.

La pili, kwenye majiko mengi yanayochomekwa ukutani, swichi hizi hupitisha umeme ule ule wa ukutani, volti 220 hadi 240 (au 120 katika nchi zinazotumia kiwango hicho). Unapochokonoa chini ya nobu huku jiko limechomekwa, hauko karibu na kijiumeme cha kuchekesha vidole. Uko karibu na umeme unaoua. Na swichi ya ukutani mara nyingine hukata waya mmoja tu. Soketi ikiwa imeungwa kinyume, waya wenye umeme unabaki hai ndani ya jiko. Ndiyo maana plagi itoke.

Swichi hizi hazina kinga kubwa dhidi ya maji. Ukimimina maji au kupuliza dawa ya kusafishia juu ya jiko, kiasi kidogo huteremka kando ya mhimili na kujaa kwenye nafasi nyembamba kati ya vyuma viwili vya swichi. Nafasi hiyo ni finyu mno, hivyo maji hunaswa humo na hewa haifiki. Uso wa jiko unakauka kwa dakika, ndani ya swichi panabaki pamelowa siku nzima. Maji ya sabuni ni mabaya zaidi kuliko maji matupu kwa sababu yanapitisha umeme vizuri zaidi, na yakikauka huacha utando unaonyonya unyevu tena. Chumvi na sukari kutoka kwenye chakula kilichofurika hufanya vivyo hivyo.

Sikiliza pia kasi ya mlio, inasema mengi. Ukilia haraka haraka, mara kadhaa kwa sekunde kama unapobonyeza nobu mwenyewe, swichi imefunga kweli: ama imejaa maji, ama nobu imenasa chini. Ukilia polepole, tak moja, kimya cha sekunde kadhaa, kisha tak nyingine, mara nyingi ni umeme kidogo unaopenya kwenye unyevu au utando wa uchafu na kulijaza boksi taratibu. Huo wa polepole ni habari njema. Mara nyingi swichi iko ukingoni kukauka.

Anza na nobu yenyewe

Plagi ikiwa nje na gesi imefungwa, bonyeza kila nobu na uiachie. Inapaswa kuruka juu yenyewe, mara moja. Inayorudi kwa uvivu au kubaki chini ndiyo mshukiwa wako. Mabaki ya sabuni na mafuta yaliyolainika wakati wa kuosha hujikusanya kwenye pete inayozunguka nobu, yakaganda, yakaishika. Vuta nobu wima kuelekea juu, bila kuipinda. Ikigoma, pitisha ukanda wa kitambaa chini yake na uvute ncha zote mbili kwa pamoja. Usichokonoe kwa kisu, utapasua kioo au kuvunja shingo ya plastiki. Ioshe, ikaushe hadi ndani ya tundu lake, futa pete na mhimili kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Angalia pia kama nobu umeirudisha mahali pake. Kwenye majiko mengine nobu hazifanani urefu wa shingo, na ukizibadilishana moja hukaa chini mno na kuubana mhimili. Kama chini ya nobu kulikuwa na mpira mwembamba wa kuzuia maji, hakikisha haujajikunja.

Kukausha kwa kweli

Ondoa sufuria, vyuma vya kuegeshea, kofia za vichomeo, vichwa vya vichomeo vinavyonyanyuka, na nobu zote. Zipange ukikumbuka kila kimoja kilitoka wapi, ni bora upige picha. Kausha kila kipande pande zote mbili; upande wa chini wa kofia ndiko maji hujificha.

Kisha kausha mihimili. Weka feni ipulize juu ya jiko moja kwa moja, iache hapo saa 24. Kama hewa ya mahali ulipo ni ya unyevunyevu, nenda hadi saa 48. Wengi hushindwa hapa: wanakausha nusu saa, wanachomeka, jiko linalia, wanasema kifaa kimeungua. Draya ya nywele inasaidia ikitumiwa kwa moto mdogo kabisa au hewa baridi, ukiishika umbali wa sentimita 20 hadi 30 na kuizungusha, kama dakika 10 kwa kila mhimili. Hewa ya moto ikielekezwa pahali pamoja hulainisha plastiki ya swichi na inaweza kupasua kioo. Usitumie kompresa ya upepo mkali. Inasukuma maji ndani zaidi, hadi kwenye swichi ambazo hazikuwa na tatizo.

Kuna jambo dogo linaloharakisha sana kazi. Rudisha nobu kwa muda, na gesi ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi na plagi iko nje, bonyeza kila moja mara 20 hadi 30 bila kuizungusha. Mwendo huo unakamua maji yaliyonaswa na kusugua vyuma vya swichi. Rudia kila baada ya saa chache.

Usijaribu kuliacha jiko likilia "mpaka likauke lenyewe". Boksi halikutengenezwa kupiga cheche kwa saa nyingi mfululizo. Linapata joto na kuchakaa. Kama jiko lako linatumia betri, betri zitakwisha kabla ya maji.

Baada ya saa 24 chomeka plagi huku gesi bado imefungwa. Kimya? Bonyeza kila nobu mara moja uhakikishe mlio unaanza na kukoma unapoachia, ndipo ufungue gesi. Majiko mengi yaliyoanza kulia baada ya kuoshwa huishia hapa.

Likikauka na bado linalia

Tuseme limenyamaza, kisha likaanza tena asubuhi yenye unyevu au baada ya kuchemsha sufuria kubwa iliyojaza mvuke. Hapo maji yamekwisha ila utando umebaki. Kinachohitajika ni kuyeyusha uchafu. Dawa inayofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, au dawa ya kusafishia swichi za umeme inayokauka bila kuacha mafuta. Alkoholi ya asilimia 70 ina maji mengi. Itafanya kazi lakini uongeze muda wa kukausha. Mafuta ya kupuliza ya kulainishia bawaba hayafai: yanaacha utando unaonasa vumbi, na yanawaka.

Plagi nje, gesi imefungwa, madirisha wazi, hakuna mwali wowote karibu. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha mililita 1 hivi kando ya mhimili, bonyeza nobu mara 20, nyonya kinachotoka kwa kitambaa, rudia mara moja. Usimwage nyingi. Ndani ya koki kuna grisi maalumu inayoizuia kuvuja na kuifanya izunguke laini, na hatutaki ioshwe. Subiri saa 2 angalau, mpaka harufu ya alkoholi iishe kabisa, ndipo uchomeke plagi. Cheche juu ya mvuke wa alkoholi ni moto.

Kuitafuta swichi iliyoharibika

Ikiwa bado linalia, lazima kufungua. Hapa jipime kwa ukweli. Ukiwa huna multimita (kifaa cha kupimia umeme), au jiko limeungwa kwa bomba gumu lisilokuruhusu kulinyanyua, mwite fundi. Ukiendelea, fahamu kwamba kwenye majiko mengi skrubu zinazoshika uso wa jiko ndizo hizo hizo zinazoshika vikombe vya vichomeo. Ukizitoa, vikombe vinaning'inia kwenye bomba za aluminiamu laini. Usizipinde, na gesi isifunguliwe hata kidogo mpaka kila skrubu imerudi. Skrubu hutofautiana urefu, ziweke kwa mpangilio. Vaa glavu, kingo za bati zinakata. Uso ukigoma kutoka baada ya skrubu zote unazoziona, kuna nyingine usiyoiona au umegandishwa kwa gundi, usiulazimishe.

Ukishafungua utaona mkanda wa waya unaozunguka koki moja baada ya nyingine, wenye swichi kwenye kila mhimili, na nyaya zake mbili zikiishia kwenye boksi au kwenye kiungo cha umeme. Piga picha, kisha chomoa nyaya hizo mbili. Usishike waya za cheche wala ncha za boksi dakika za kwanza baada ya kuchomoa plagi. Kapasita inaweza kuwa bado na umeme.

Weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani, kipimo kikubwa cha megaohmu, na uguse ncha hizo mbili za mkanda. Usitegemee kipimo cha mlio wa "piii" peke yake. Hicho hulia pale tu ukinzani ukiwa mdogo sana, ilhali swichi yenye unyevu inaweza kuwa na kiloohmu mamia, multimita ikakaa kimya, na boksi likaendelea kulia. Mkanda mzima ukiwa salama, nobu zote zimeachiwa, multimita haisomi kitu, inaonyesha alama ya kutokuwa na njia. Ukisoma namba yoyote, kuna swichi inayopitisha.

Kwa kuwa zimeungwa sambamba, huwezi kuzipima moja moja zikiwa zimeunganishwa. Utakuwa unasoma kosa la jirani. Kama kila swichi ina vichomekeo vyake, itoe moja, soma, irudishe, nenda nyingine. Kama mkanda umeungwa moja kwa moja, vua swichi kutoka kwenye mihimili, moja baada ya nyingine, huku ukiangalia multimita. Namba ikitoweka mara tu unapoivua moja, swichi yenyewe ni nzima; mhimili ndio unaoibana, umenasa au springi ya koki imechoka. Namba ikibaki hata zote zikiwa zimevuliwa, mojawapo imeharibika ndani. Bonyeza kila moja kwa kidole na uangalie: ile yenye kutu, rangi ya kijani kwenye shaba, au plastiki iliyoungua, ndiyo.

Mkanda wa swichi huuzwa ukiwa mzima, mara chache swichi moja moja. Nunua kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibati chini ya jiko, wala si kwa kutazama picha tu, kwa sababu umbali kati ya swichi na umbo la tundu la mhimili hubadilika kutoka jiko hadi jiko. Wengine huiondoa swichi mbovu na kuzifunika ncha zake kwa utepe, jiko likanyamaza na nobu hiyo ikawashwa kwa kiberiti. Sikushauri. Ncha hizo ziko chini ya sehemu inayopata joto na kumwagikiwa, na utepe wa plastiki huachia gundi kwenye joto. Ukisubiri kipuri, chomoa plagi ya jiko tu.

Na boksi la cheche? Lilaumu mwisho. Jaribio lake ni rahisi: mkanda wa swichi ukiwa umetengwa kabisa, ncha za nyaya zimefunikwa, uso wa jiko umerudishwa na kufungwa, gesi imefungwa, mikono yako iko mbali, chomeka plagi. Likilia bila swichi hata moja kuunganishwa, boksi ndilo bovu. Likinyamaza, boksi ni zima, na pesa yako iende kwenye mkanda. Boksi jipya liwe na volti sawa na idadi sawa ya matundu ya waya za cheche.

Kama linalia moto ukiwa tayari unawaka

Hili si tatizo lako, lakini wengi wenye swali kama lako wanalo hili, na dawa yake ni nyingine kabisa, hivyo nisiliruke. Kuna majiko yanayowasha upya yenyewe mwali ukizimika. Boksi lake hutambua mwali kwa kupitisha umeme mdogo mno kupitia moto wenyewe, kutoka elektrodi hadi chuma cha kichomeo. Ndiyo, moto hupitisha umeme. Lisipoupata umeme huo likadhani mwali umezimika, linaendelea kupiga cheche.

Baada ya kusafisha, sababu kuu ni kofia iliyowekwa upande. Izungushe taratibu mpaka idondoke kwenye vijino vyake na isicheze ukiigusa. Hakikisha kofia hazikubadilishana vichomeo vinavyokaribiana ukubwa. Sababu ya pili ni elektrodi yenye sabuni iliyokauka au masizi: isugue kwa mswaki mkavu, na ncha ya chuma peke yake kwa msasa laini, bila kuikwaruza kauri. Ya tatu ni matundu ya moto yaliyoziba upande wa elektrodi, kiasi kwamba mwali hauigusi. Yazibue kwa waya mwembamba au pini. Kijiti cha meno hapana, hukatikia ndani. Zaidi ya hapo, tazama waya wa ethi wa jiko, na kama soketi imeungwa vizuri. Laivu (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) zikibadilishana, baadhi ya majiko haya hayautambui mwali kamwe. Ukiwa umelihamishia jiko soketi nyingine siku ya usafi, lirudishe ya zamani uone.

Kando ya elektrodi unaweza kuona kijiti cha pili cha chuma kisicho na cheche. Hicho ni themokapo, kazi yake ni kukata gesi mwali ukizimika. Hakina uhusiano na mlio, usikibadilishe kwa sababu hii.

Na kama kiwashio chako ni kile kinachotoa mlio mmoja mzito kila unapozungusha nobu, bila plagi wala betri, hicho hutumia nguvu ya kugonga fuwele. Hakiwezi kulia mfululizo, kwa hiyo maelezo haya hayakihusu.

Kupika kwa kiberiti

Unaweza, kwa masharti. Plagi ibaki nje, kwa sababu jiko linalolia likiwa na sufuria ya chuma juu yake linaweza kukupiga shoti ya kustua ukishika sufuria ya uji mkononi, na kustuka huko ndiko kunakounguza. Hakikisha uso wa jiko umefungwa kikamilifu. Washa kiberiti kirefu kwanza, kisogeze kando ya kichomeo, ndipo ufungue gesi. Usifungue gesi kisha uanze kutafuta njiti. Kama jiko lina themokapo, shikilia nobu chini sekunde 5 hadi 10 baada ya mwali kushika, vinginevyo utazimika ukiachia. Themokapo huzalisha umeme wake kutokana na joto, haihitaji plagi. Majiko machache yenye koki zinazoongozwa na umeme hayatatoa gesi kabisa yakiwa yamechomolewa. Hayo yaache mpaka yatengenezwe.

Ukishalinyamazisha, safari ijayo puliza dawa kwenye kitambaa, si kwenye jiko, na kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoke. Nobu zifutwe zikiwa mahali pake. Ukilazimika kuzitoa, usipitishe maji juu ya matundu ya mihimili. Mashine za mvuke usizisogeze kabisa, mvuke unaingia mahali ambapo hata maji hayafiki. Chakula kikifurika, zima, subiri jiko lipoe, kifute kabla hakijakauka, hasa chenye sukari. Kofia na vichwa vya vichomeo viwe vikavu kabisa kabla havijarudi, na kabla ya kufungua gesi bonyeza kila nobu mara moja usikilize kama mlio unakoma papo hapo.